Mapinduzi ya Viwanda: Tuwafundishe Nini Watoto Wetu?



 

Ndugu msomaji, mwaka jana, wiki chache kabla ya mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, mmoja wa mabinti wanaosoma katika madrasa yetu hapa Sitalike alibaki nyuma baada ya darasa la Alasiri. Wenzake walikwisha kukunja mikeka na kuondoka. Yeye alikuwa ameshika daftari la Historia, akaniomba nimsikilize kama ninavyomsikiliza anapohifadhi sura. Nikamsikiliza. Akasoma kwa ghibu, kwa Kiingereza, mahitaji manne ya ubepari wa viwanda: malighafi, masoko, nguvukazi ya bei rahisi na mahali pa kuwekeza mitaji. Hakukosea hata neno moja. Nikamwuliza kwa Kiswahili: "Mwanangu, malighafi hiyo ilitoka wapi?" Akasema: "Afrika, ustadh." Nikamwuliza: "Afrika ya wapi?" Akanyamaza. Akatazama daftari, nalo halikuwa na jibu.

Pale tulipokuwa tumekaa, ng'ambo ya Mto Katuma ndiko inakoanza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na ndani ya hifadhi hiyo wamo ndovu. Ukielekea kaskazini, Mpanda mjini, kuna stesheni ya reli ambayo isingejengwa lau si haja ya viwanda vya ng'ambo. Jibu la swali langu lilikuwa kusini na kaskazini ya mkeka tuliokalia, na mtoto aliyehifadhi somo zima hakulijua.

Nimeona niandike kuhusu jambo hili kwa sababu katika jamaa zetu za misikitini kuna fikra iliyozoeleka kwamba somo la kuinuka kwa viwanda ni historia ya Wazungu, na kwamba mtoto wa Kiislamu alisome ili afaulu mtihani, kisha alisahau. Wako wazazi walioniambia waziwazi kwamba saa moja ya historia ni saa moja iliyoibwa kwenye Qur'ani. Mimi nasema kinyume chake. Historia hiyo ni yetu, pamoja na fedheha zake, na asiyeijua hatajua hata anachotendewa leo.

Lakini kabla sijawalaumu wengine, yanipasa nianze na nafsi yangu. Niliporudi kutoka masomoni Khartoum nilikuwa nimejaa fahari ya kijana aliyesoma vitabu vikubwa. Nikawaambia vijana wa madrasa kwamba viwanda vya Ulaya vyote ni elimu iliyoibwa kwa Waislamu, na kwamba hakuna kilichovumbuliwa Uingereza ambacho hakikuwa kwetu kabla. Kijana mmoja akayachukua maneno yangu akayasema darasani kwake. Mwalimu wake, ambaye si Muislamu, hakumkejeli. Alimwuliza kwa upole: kiwanda gani, mji gani, mwaka gani? Kijana hakuwa na la kusema, na wenzake wakacheka. Alipokuja kuniuliza mimi, nami sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimempa mtoto wa watu fimbo iliyooza, akaiegemea mbele za watu.

Ni kweli kwamba miji ya Kiislamu ilikuwa na mafundi wa karatasi, wa sabuni, wa nguo na wa chuma, na kwamba Ulaya ilijifunza mengi kutoka kwao. Lakini lililotokea Uingereza katika karne ya 18 lilikuwa jambo jingine, na uadilifu unatutaka tulieleze kama lilivyokuwa. Miaka ya 1760 James Hargreaves alibuni mashine iliyosokota nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata haki ya mashine ya kusokota inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na mwaka huo huo James Watt akapata haki ya injini ya mvuke iliyokula makaa machache kuliko zilizotangulia. Mwaka 1785 Edmund Cartwright akaja na mashine ya kufuma. Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe karibu na mito na bandari, ilikuwa na mitaji, baadhi yake ikitokana na biashara ya watumwa na mashamba ya miwa, na ilikuwa na wakulima waliokwisha kunyang'anywa ardhi, wasio na pa kwenda isipokuwa mjini kutafuta ujira. Huwezi kutoa kimoja katika hivyo ukabaki na kisa kilichokamilika. Werevu wa mafundi ulikuwepo, na dhulma ilikuwepo, na vyote viwili vilifanya kazi pamoja.

Kwa Kiarabu cha vyuoni viwanda huitwa sinaa. Neno la mzizi uo huo lilivuka bahari likaja kwetu likawa sanaa, nasi tukawaachia wachongaji na waimbaji. Na neno letu kiwanda, wazee wakilitamka, lilikuwa mahali pa wazi ambapo fundi hufanyia kazi yake: seremala na randa yake, mhunzi na mivukuto yake. Nayataja haya kwa sababu mtoto wetu akisikia neno kiwanda huona moshi na mabati ya Ulaya tu, hamwoni mhunzi.

Na wahunzi walikuwepo. Jirani zetu wa Ufipa, ambao hadi mwaka 2012 tulikuwa nao katika Mkoa mmoja wa Rukwa, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, yakivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila ya mtu kufukuta mivukuto. Majembe yao yalisafiri mbali. Katika Ufipa huo huo na bonde la Ziwa Rukwa watu walilima pamba, wakasokota kwa mkono na kufuma nguo nzito zilizosifiwa na wasafiri wa karne ya 19. Sijapata kukutana na mwanafunzi wa hapa kwetu aliyefundishwa hayo katika somo la viwanda. Anamjua Arkwright, hamjui mfumaji wa Rukwa. Majembe na vitambaa vya viwandani vilipokuja kwa wingi na kwa bei ndogo, fundi yule hakushindwa kwa ujinga. Alishindwa kwa bei, na baadaye kwa kodi ya serikali ya kikoloni iliyodai fedha taslimu na kumtoa karakanani kwenda kutafuta ujira.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hapo ndipo Sitalike na Marekani zinapokutana.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 konseli wa Marekani akakaa Unguja. Wafanyabiashara wa bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopakwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya jimbo hilo. Watu wa pwani wakakiita merikani, na jina hilo bibi zetu wamelitumia mpaka zama zetu. Huku bara kitambaa hicho kilikuwa ndicho fedha. Ukitaka chakula, utapima mikono ya merikani. Ukitaka kupita katika nchi ya mtemi, utatoa hongo ya merikani. Ukitaka pembe za ndovu, utatoa merikani, kaniki na shanga.

Mwaka 1871, wakati vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipoifunga njia ya kawaida ya Ujiji, Henry Morton Stanley alizunguka kwa kusini, akapita Ukonongo na Ukawendi, yaani katika ardhi hii hii ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Wapagazi wake walibeba mizigo ya nguo na shanga. Ndugu msomaji, tafakari mzigo ule mmoja wa merikani kwenye bega la mpagazi. Kwa miongo mingi pamba ya kitambaa kama hicho ilichumwa kusini mwa Marekani na Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Ilisokotwa na kufumwa kaskazini na wasichana wa mashambani waliofungiwa kiwandani tangu alfajiri. Ikavuka bahari mbili. Kisha Mwafrika mwingine akaibeba kwa miguu kutoka pwani mpaka hapa, ili inunue jino la ndovu, na jino hilo likabebwa tena mpaka pwani, likaenda mpaka Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, likapasuliwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye piano. Katika nyumba za watu wenye nafasi za Marekani na Ulaya binti alijifunza muziki kwa kugusa jino la ndovu wa nchi kama yetu. Hiyo ndiyo malighafi, na hilo ndilo soko, na hiyo ndiyo nguvukazi ya bei rahisi. Mambo yale ambayo binti wangu aliyasoma kama orodha yalikuwa yamepita juu ya udongo aliokanyaga.

Hapa ndipo penye uchungu, na sitaki kupita haraka.

Misafara ile ilikuwa ya nani? Mingi ilikuwa ya Waarabu na Waswahili, Waislamu wenzetu, wakikopeshwa mitaji na matajiri wa Kihindi wa Unguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, na anayesoma masimulizi yake hatapata nafasi ya kukanusha. Watu walitekwa, waliuzwa, walipelekwa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Najua kwamba watoto wetu wenye majina ya Salum na Khamis hutaniwa shuleni siku somo hilo linapofundishwa, na najua kwamba baadhi ya masheikh wetu, kwa kuona uchungu, huwaambia watoto kwamba yote hayo ni propaganda za wamishenari. Nawaomba ndugu zangu hao waiache kauli hiyo. Haki ya aliyedhulumiwa haifutiki kwa sababu aliyemdhulumu alikuwa akiswali. Na mtoto wa leo habebi dhambi ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo hana haja ya kuikana ili ajisafishe.

Anachohitaji ni kuijua habari yote. Bei ya pembe haikupangwa Tabora wala Unguja tu. Ilipanda kwa sababu viwanda vya piano, vya vitana na vya mipira ya biliadi vilitaka pembe zaidi kila mwaka. Na Uingereza iliyomshurutisha Sayyid Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, manowari zikiwa nyuma ya hoja zake, ndiyo Uingereza ambayo viwanda vyake vya Lancashire vililishwa kwa sehemu kubwa na pamba ya watumwa wa Marekani hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861. Jambo la haki lilitendwa mwaka 1873, nami nalisema kuwa ni la haki. Lakini mwanafunzi afundishwe pia kuuliza kwa nini lilitendwa mwaka ule na si miaka hamsini kabla. Kitabu chake cha shule chenyewe kinamwelekeza huko, akikisoma kwa kuelewa.

Kisa cha tatu kiko Mpanda. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa risasi katika milima ya pale. Namaanisha madini ya risasi, ingawa lugha yetu imeyapa jina moja na kile kinachotoka ndani ya bunduki, na kwa kweli ndiko yalikokuwa yakienda kwa sehemu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vilihitaji risasi kwa ajili ya betri, mabomba, rangi na kufunika nyaya za umeme. Kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba. Ikajengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, takriban kilomita 210 za msitu wa miombo, ikakamilika mwaka 1950. Treni ikabeba risasi, na ndani ya mawe hayo kulikuwemo shaba, fedha na dhahabu pia. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, mgodi ukafungwa.

Katika muda huo wa miaka kumi Mpanda ilipata reli, mitaa, duka, wageni kutoka kila pembe, na misikiti pia. Haikupata kiyeyushio cha kudumu wala kiwanda cha kutengeneza hata betri moja. Kilichobaki ni reli yenyewe, na wazazi wetu wengi walikuja huku kwa treni hiyo. Kwa hilo tunashukuru. Lakini mwanafunzi akisimama pale stesheni aulizwe: kwa nini reli hii haikuunganisha Mpanda na Sumbawanga, au na Ziwa Tanganyika, ambako watu walikuwa wakifanya biashara tangu zamani? Ataona kwa macho yake kwamba reli ilifuata jiwe, haikumfuata mtu. Njiani, pale Urambo, ataoneshwa eneo ambalo Waingereza walifyeka mapori kuanzia 1947 ili kulima karanga za kuwapatia mafuta watu wao waliotoka vitani, mradi uliokufa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Yote yako kwenye njia moja ya treni.

Mtu ataniuliza: je, Waislamu hawakujaribu? Walijaribu. Nilipokuwa Sudan tulisoma kwa urefu habari za Muhammad Ali Pasha aliyeitawala Misri kuanzia 1805 hadi 1848. Alipanda pamba ya nyuzi ndefu kuanzia miaka ya 1820, akajenga viwanda vya nguo, vya silaha na vya meli, akaleta mafundi wa Ulaya na kuwapeleka vijana wa Misri kusoma Ufaransa. Mwaka 1838 Dola ya Uthmaniya ilisaini na Uingereza mkataba wa Balta Liman, uliopiga marufuku ukiritimba wa serikali na kuweka ushuru mdogo kwa bidhaa za kigeni. Mwaka 1841 jeshi la Misri likawekewa kikomo cha watu 18,000, na viwanda vilivyolivisha na kulisilihi jeshi hilo vikakosa mteja. Misri ikarudi kuwa shamba la pamba. Walimu wetu walipenda kuishia hapo. Lakini mmoja wao, mzee mwenye insafu, alituongezea kwamba wafanyakazi wa viwanda vile walikamatwa vijijini kwa nguvu, na wakulima walilazimishwa kumuuzia Pasha pamba kwa bei aliyoitaka yeye. Uislamu wa mtawala haukumpunguzia fellahi mjeledi. Nilichukizwa na maneno yale wakati ule. Leo namwombea dua mzee huyo, na sijui yuko wapi tangu vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023.

Safari moja tulikwenda Wad Madani, katika ardhi ya Jazira, baina ya Nile mbili. Mifereji imenyooka mpaka macho yanachoka. Waingereza walikamilisha bwawa la Sennar mwaka 1925 ili pamba ya pale ivilishe viwanda vya Lancashire. Nilisimama kwenye ukingo wa mfereji nikakumbuka reli ya Mpanda.

Nimeeleza ya kale kwa sababu nataka kusema ya leo, na najua kuna watakaokasirika.

Uingereza ilipoanza viwanda, watoto wa miaka sita na saba walitumikishwa kwenye mashine za nyuzi tangu kabla ya jua mpaka usiku. Zilitungwa sheria mwaka 1802 na 1819, hazikufaa kitu kwa kukosa wasimamizi wa kweli. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka tisa katika viwanda vingi vya nguo, na ikateua wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Mwaka 1842 ikakatazwa kuwashusha wanawake na wavulana wa chini ya miaka kumi kwenye mashimo ya makaa. Wanafunzi wetu hulisoma jambo hili na kushangaa ukatili wa Wazungu. Mimi nimewauliza wanafunzi wangu wa kiume: wangapi kati yenu mmewahi kubeba viroba vya mawe ya dhahabu, au kukaa kwenye karasha, au kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu? Mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko nilivyotaka kuona. Baadhi yao hawana miaka kumi na minne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtoto wa chini ya miaka kumi na minane. Tunayo, kama Uingereza ya 1819 ilivyokuwa na yake. Na wenye maduara na makarasha wengine ni watu wa safu ya mbele msikitini, watu wanaotoa sadaka ya saruji na mabati. Allah awalipe kheri kwa hilo. Lakini Mtume (s.a.w.) ameusia kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na sura nzima imeteremka kuwaonya wapunjao vipimo. Kijana anayelipwa kwa kiroba cha mawe ambayo thamani yake haijui yeye, anaijua mwenye karasha, yuko katika hali ile ile ya mzee wake aliyebadilisha jino la ndovu kwa mikono kadhaa ya merikani. Hakujua bei ya Connecticut. Na kijana huyu hajui bei ya dhahabu, wala hajui kinachomfanyia zebaki mwilini mwake. Haya ndiyo matunda ya kusoma mahitaji manne ya ubepari kwa ghibu.

Nimesikia hoja kwamba madrasa si mahali pa mambo haya. Qur'ani inayosomwa madrasani imetaja chuma na nguvu na manufaa yaliyomo ndani yake, hata ikawepo sura yenye jina hilo, na imemtaja Nabii Daud (a.s.) kuwa ni fundi aliyelainishiwa chuma, akaamrishwa apime sawasawa pete za deraya zake. Sioni ni vipi tutafasiri aya hizo kwa mtoto kisha tumkataze kuuliza chuma cha Ufipa kilikwenda wapi.

Ipo hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi: kwamba sisi walimu wa madrasa hatuna elimu hiyo. Hilo ni kweli kwa wengi wetu, na lilikuwa kweli kwangu. Tuliosoma kwa Kiarabu tunajua habari za Misri kuliko za Ukonongo, na waliosoma kwa Kiingereza wanazijua za Manchester. Dawa yake si kushindana. Yule mwalimu wa sekondari aliyemwuliza kijana wangu maswali matatu nimekwenda kumtembelea, nikamwomba radhi, nikamwomba vitabu. Alinipa. Tangu hapo tumekuwa tukiulizana: mimi namfasiria habari za Muhammad Ali, yeye ananieleza yaliyomo katika muhtasari wa somo.

Kwa hiyo nimeiomba kamati ya msikiti wetu iruhusu kikao kimoja kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwa wanafunzi wa sekondari wa kike na wa kiume, ambapo somo la historia litaelezwa kwa Kiswahili kabla halijakaririwa kwa Kiingereza. Kuhifadhi Qur'ani hakutapunguzwa hata dakika moja. Muda huo ni wa mapumziko. Wajumbe wawili wamekubali, mmoja amekataa, na mmoja, ambaye ana karasha, amesema atafikiri. Simlaumu kwa kufikiri. Nimemwalika aje kikao cha kwanza asikilize, na akipenda azungumze, maana juu ya gharama za dizeli na bei wanazopewa na wanunuzi wakubwa anajua mambo ambayo vijana hawayajui, naye pia hupunjwa.

Mzee mmoja wa jamaa yetu, ambaye marehemu baba yake alifanya kazi katika mgodi wa risasi wa Mpanda, ameahidi kuja kueleza anayoyakumbuka ya utoto wake kabla mgodi haujafungwa. Binti yule sasa yuko kidato cha tatu. Nimemwambia aje na daftari lile lile, aache ukurasa mmoja mtupu mbele ya yale mahitaji manne, na maneno ya mzee ayaandike hapo.